Kutunza Marando Kiangazi: Mbegu ya Viazi Vitamu kwa Mkulima wa Nyanda za Juu Kusini

Mbeya na Iringa tuna msimu mmoja wa mvua. Huanza Novemba, hukatika kati ya Aprili na Mei, kisha ni ukavu wa karibu nusu mwaka. Anayengoja maotea, yaani miche inayojiotea yenyewe kwenye shamba la zamani, hukata marando (vipande vya shina vya kupandia) Januari, mvua ikiwa imeshakwenda nusu, tena maotea hayo hubeba magonjwa ya mwaka jana. Mbegu ya Novemba huchaguliwa siku ya kuvuna.

Mwenye kinyungu, yaani bustani ya bondeni yenye maji kiangazi, ana kazi nyepesi. Atengeneze tuta bapa la upana wa mita 1, achanganye samadi iliyooza, apande vipande vya pingili tatu tatu: sentimita 20 kati ya mistari, 10 kati ya mche na mche, pingili mbili zikiwa ndani ya udongo. Baada ya wiki sita hadi nane kitalu kiko tayari kukatwa. Kule juu, Makete na sehemu za Njombe, sakitu ya Juni na Julai huunguza marando usiku mmoja, kwa hiyo kitalu kifunikwe kwa nyasi jioni na kufunuliwa jua likichomoza.

Asiye na maji ya kiangazi atumie mchanga. Wakati wa kuvuna, chagua viazi vidogo vya ukubwa wa yai hadi ngumi, kutoka mashina yenye afya, visivyo na tundu wala jeraha. Chukua beseni na mchanga mkavu uliokwisha kupoa. Mchanga wenye joto la jua huozesha viazi. Tandika mchanga, panga viazi visigusane, funika, panga tena, na juu kabisa weka mchanga wa sentimita 5. Beseni likae ndani ya nyumba, pakavu, panya wasipofika. Baridi ya chini ya nyuzi 12 huharibu viazi, hivyo kwenye nyumba za baridi kali chumba kinachopakana na jiko ndicho kinachofaa. Kagua kila mwezi. Kilichooza au kutobolewa kitoke mara moja, maana kimoja huambukiza jirani zake.

Katikati ya Septemba vitoe, uvipande karibu na nyumba kwa nafasi ya sentimita 50 kwa 50, uzungushie uzio, mbuzi na kuku wasiingie, na umwagilie kila baada ya siku tatu au nne. Kiazi kimoja kilichotunzwa hutoa marando 30 hadi 40. Viazi 40 vya beseni moja basi vinatosha takriban sehemu ya kumi ya ekari, kwani ekari nzima huhitaji marando kama 13,500 kwa matuta ya mita 1 na nafasi ya sentimita 30.

Jambo lisilosamehe ni virusi. Shina lililodumaa, lenye majani madogo, membamba, yaliyokunjamana na kupauka, lina ugonjwa unaoenezwa na vidukari na inzi weupe. Hakuna dawa ya kuliponya. Ling'oe, lichome, na usikate hata rando moja hapo, hata kama mbegu ni haba. Mavuno ya shina kama hilo ni vijizizi tu.

Kata ncha za sentimita 30. Sehemu ya chini ya shina iache, kwa sababu fukusi, mdudu anayetoboa viazi, hutaga huko. Marando yakikaa kivulini siku moja au mbili kwenye kitambaa chenye unyevu, hushika haraka. Panda theluthi mbili zikiwa ardhini, ncha ikitazama juu; viazi hutoka kwenye pingili zilizofukiwa. Samadi nyingi mno huleta majani mengi na viazi vyembamba.

Palilia ndani ya wiki sita za kwanza, na upandishie udongo kila tuta linapopasuka. Fukusi hawezi kuchimba mbali. Hushukia kwenye nyufa kukifikia kiazi, na kiazi alichokila huwa kichungu, hakiifai hata mifugo. Ndiyo maana kuchelewa kuvuna baada ya mvua kukatika ni hasara: udongo unakauka, unapasuka, anaingia.

Matembele ya mboga yatengewe kitalu chake, kwa kuwa kuchuma kila wiki hupunguza marando. Aina za mapambo zenye majani ya zambarau au kijani cha limau ni mmea uleule, na majani yake huliwa yasipopuliziwa dawa, ila viazi vyake havina ladha ya kuvipandia shamba. Majani ya viazi mviringo ni habari nyingine kabisa: yana sumu, hayafai kuwa mboga kwa upishi wowote.