Kabla ya Kuwapima Watu wa Saiti Dawa za Kulevya: Mambo ya Kuzingatia kwa Mkandarasi Mdogo

Mistari miwili. Kila aliyewahi kutobolewa kidole kwa kipimo cha haraka cha malaria anajua maana yake: mistari miwili, unayo, mmoja, nenda zako. Kipimo cha mkojo cha dawa za kulevya husomwa kinyume. Mstari wa pili ukitokeza, hata ukiwa hafifu kama kovu la utotoni, mtu hana kitu. Usipotokeza ndipo pana jambo. Fomeni wetu hakulijua hilo, na karatasi ya maelezo ilikuwa imebaki kwenye boksi ndani ya gari. Asubuhi hiyo, kwenye saiti moja upande wa Ihumwa, hapa Dodoma, tuliwarudisha nyumbani watu tisa wasio na hatia.

Barua ya mkandarasi mkuu ilikuwa imefika Ijumaa jioni: watu wenu wote wapimwe, Jumatatu asiingie ambaye hajapimwa. Tukakimbilia mjini kununua vipimo, Jumatatu tukapanga foleni nyuma ya kontena. Makosa yote ya asubuhi ile tulikuwa tumeshayafanya tangu Ijumaa, maana hakuna tulichouliza.

Kwa hiyo anza kwa kuuliza, tena kwa maandishi. Wanapimwa nani: kila anayepita getini, au wanaopanda jukwaa, opereta wa greda na kijiko, madereva wa tipa na mafundi umeme? Wanatafutiwa nini, kwa mkojo au kwa mate? Nani analipa, na vibarua wa siku moja wanahesabiwa? Jibu la maswali haya liwe ndani ya mkataba kabla hujasaini. Baada ya kusaini, gharama ni yako na lawama pia.

Sera nyingi za namna hii zimezaliwa mbali. Marekani, sheria ya mwaka 1988 iliwataka wenye mikataba ya serikali kuu wahakikishe hakuna dawa za kulevya mahali pa kazi, na wengi hawajui kwamba sheria hiyo yenyewe haimlazimishi mwajiri kumpima mtu mkojo. Inadai sera, elimu na hatua za kuchukua. Kupima kulikazwa na kanuni nyingine, hasa za usafirishaji, ambako dereva hutafutiwa makundi matano: bangi, kokeini, jamii ya amfetamini, jamii ya afyuni (kama heroini) na PCP, dawa ya kulevya inayoleta maruweruwe. Hiyo PCP sijawahi kumsikia fundi wa Dodoma akiitaja hata kwa utani. Lakini vipimo vinavyouzwa vimefuata orodha za huko, kwa hiyo soma boksi kabla ya kulipa. Mirungi, ambayo kwetu ni marufuku ingawa kwa jirani zetu Kenya inauzwa sokoni, haimo kwenye vipimo vya kawaida. Tramado, dawa ya maumivu, nayo hupita pembeni ya kipimo cha afyuni, inahitaji kipimo chake. Na pombe haimo kabisa.

Hapo kwenye pombe nisimame kidogo. Katika saiti nilizofanyia kazi kama afisa usalama, kilichowahi kunitia hofu kweli kweli si msokoto, ni Jumatatu baada ya malipo ya Jumamosi. Mtu amekesha na gongo, saa moja asubuhi yuko kwenye ngazi na ndoo ya zege. Kipimo cha mkojo cha vitu vitano kitampitisha bila wasiwasi. Wakati huohuo kinaweza kumkamata aliyevuta bangi wiki tatu zilizopita na leo ana akili timamu kuliko wewe. Bangi ya mara moja huonekana kwenye mkojo kwa siku chache, lakini kwa mtu wa kila siku inaweza kukaa mwezi na zaidi hata baada ya kuacha. Kokeini na heroini kwa kawaida hupotea ndani ya siku mbili hadi nne. Mate hueleza ya jana na juzi. Nywele hutunza kumbukumbu ya miezi kama mitatu, na hazina faida yoyote kwa anayetaka kujua nani asipande kreni leo.

Amua basi unatafuta nini: aliyewahi kutumia, au ambaye sasa hivi hafai kushika usukani? Kama ni huyo wa pili, na kwa usalama wa kazi ndiye anayetuhusu, kifaa cha kupuliza cha kupimia pombe getini kila asubuhi na fomeni anayewatazama watu wake machoni vitakusaidia zaidi ya mkojo wa mara moja kwa mwaka. Mkojo uwe nyongeza, hasa baada ya ajali au panapokuwa na sababu ya wazi ya kushuku.

Upande wa karatasi ni mfupi lakini usiuruke. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ile inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri awapime afya wafanyakazi kabla ya kuwapangia kazi na mara kwa mara baada ya hapo. Upimaji huo una lengo lake. Usichomeke kipimo cha bangi kimyakimya kwenye kopo lilelile la mkojo ambalo mtu ametoa akijua anapimwa sukari. Andika sera, isome kwa Kiswahili mbele ya watu kwenye kikao cha asubuhi, weka wazi kinachofuata kwa anayekataa, kisha kila mmoja asaini ridhaa yake. Majibu nayo ni taarifa za afya, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu kuwa nyeti. Mkandarasi mkuu anahitaji kujua kwamba fulani anafaa au hafai kuingia saiti, basi. Daftari la majina na majibu lililoachwa wazi juu ya meza ya mlinzi, kama letu lilivyoachwa, ni kosa hata kama kila jibu ni sahihi.

Sasa dawa za hospitali, eneo ambalo mkandarasi asiyejiandaa huumiza watu bila kujua. Siku ileile tulikuwa na kijana mmoja, fundi wa nondo. Alipotoka chooni kopo lake lilikuwa na mkojo wa rangi ya chungwa iliyoiva, na foleni nzima ikacheka. Fomeni akamwambia, "Wewe umechanganya na juisi ya zabibu?" Kijana akainama. "Dozi ya kifua hiyo, bosi," akasema polepole, na kila mtu akasikia. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hugeuza mkojo kuwa hivyo, na kwenye baadhi ya vipimo vya awali inaweza kuleta jibu la uongo la afyuni. Efavirenzi, dawa ya VVU ambayo wengi wamehamishwa kutoka kwayo, inaweza kuleta jibu la uongo la bangi. Dawa ya kikohozi yenye kodeini huleta jibu la afyuni ambalo si la uongo, lakini pia si heroini.

Kwa hiyo yule anayemuuliza mtu "unatumia dawa gani?" asiwe fomeni, wala mhasibu, wala mwenye kampuni. Awe daktari au mtaalamu wa afya, faraghani, na amuulize yule tu ambaye jibu la awali limetia shaka. Kumlazimisha kila mtu aorodheshe dawa zake mbele ya wenzake ni kumtaka atangaze hali yake ya VVU kwenye foleni, na tangu mwaka 2008 tunayo sheria ya UKIMWI inayolinda siri hiyo. Kopo nalo lisiwe la kuonyeshana. Bahasha ya kaki inatosha.

Jibu la kwanza, kwa vyovyote, si jibu. Ni sababu ya kupeleka sampuli maabara kuthibitisha kwa mtambo unaotambua kemikali yenyewe. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi hapa Dodoma. Nenda mapema, kabla huna hata sampuli moja, ukaulize utaratibu, gharama, siku za kusubiri na namna wanavyotaka chupa ifungwe. Sampuli igawanywe chupa mbili mbele ya mwenyewe, zifungwe kwa utepe ambao hauwezi kubanduliwa bila kuchanika, naye aweke saini juu yake. Moja inapimwa, nyingine inangoja endapo atapinga. Kila mkono ulioishika chupa uandikwe, pamoja na saa. Pengo la nusu saa lisilo na maelezo linatosha kuliangusha shauri lote.

Choo kikaguliwe kwanza. Ondoa ndoo ya maji na sabuni, mtu anawe nje akishamaliza. Kopo lenye kipimajoto ubavuni linafaa, maana mkojo uliotoka sasa hivi huwa na nyuzi joto kati ya 32 na 38 ukisomwa ndani ya dakika nne. Nakutahadharisha tu kwamba jua la Dodoma la Novemba linaweza kuitunza vizuri sana chupa ya mkojo wa rafiki iliyofichwa mfukoni, kwa hiyo usikitegemee peke yake. Na usipime saa nane mchana. Mtu aliyeshinda akinywa maji kwenye dumu atatoa mkojo mwepesi kama maji, ukamshuku kwa kosa la kujikinga na jua. Asubuhi kabla ya kazi ndiyo saa yake, na muda huo ulipwe kama kazi.

Kabla hujampima hata mmoja, andika utakachomfanyia aliyethibitika. Wakati wa kusubiri maabara, mtoe juu na kwenye mitambo, mpe kazi ya chini. Kama huna, mwache nyumbani na useme mapema kama siku hizo analipwa. Mimi nasema alipwe, kwa sababu kuna nafasi kwamba ni wewe uliyekosea. Likithibitika, aitwe asikilizwe, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama. Mfanyakazi anayeona ameachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko utaulizwa sababu na utaratibu vyote viwili. Mwenye uraibu aelekezwe Mirembe, hospitali ya afya ya akili. Najua bado wapo wanaotania jina hilo, ila ina wataalamu wa jambo hilo hasa, na iko hapahapa mjini.

Kuchagua wa kupimwa kwa kushtukiza kufanywe kwa kura, na jina la mwenye kampuni liwe ndani ya kopo la kura. Wetu alinuna, akalitia.

Mwisho, vipimo vyenyewe. Angalia tarehe ya kuisha muda, kisha angalia maandishi madogo ya joto la kuhifadhia: vingi vinataka visizidi nyuzi 30. Ndani ya kontena la mabati saa sita mchana joto hupita hapo bila kubisha hodi. Vile vya kwetu vilikuwa vimelala humo siku mbili, kwa hiyo hata vingesomwa sawasawa nisingeapa juu yake. Safari iliyofuata tulivihamishia ofisini kwa mhasibu, chini ya meza, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na feni pekee inayofanya kazi.