SOMO: Soma hapa kabla hujamwaga vifaranga wa samaki ziwani

Wakuu, naandika mara moja ili lile swali la "niweke vifaranga wangapi" nisilione tena.

1. Vua kwanza, pima urefu na uzito. Ukikuta sato wamelingana udogo, vichwa vikubwa miili myembamba, na jike la ukubwa wa kiganja tayari ana mayai mdomoni, ujue samaki unao tele, kilichopungua ni chakula. Hapo usipandikize (usiongeze vifaranga), utadumaza wote.

2. Aina iwe ya ziwa hilohilo. Sangara waliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 60, kufika miaka ya 80 furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, wakaanza kuteketea, kwa hiyo mambo ya kujaribu mgeni tuachane nayo.

3. Safirisha asubuhi au jioni.

4. Kumwaga. HAPA NDIPO WENGI WANAUA. Mfuko ulaze juu ya maji dakika 15 hadi 20, kivulini, ufungue, uchanganye maji ya ziwa kidogokidogo mpaka joto lilingane halafu waache watoke wenyewe. Usiwamimine! Aliyeshtuka hafi mbele yako, anakwenda kufia chini kesho yake, wewe unalaumu ndege. Tena wagawe sehemu mbalimbali penye majani, ukiwarundika pamoja kambare wanajilia tu.

5. Baada ya miezi kadhaa rudia namba 1.

MASWALI

Mzee wa Kokoro: Mkuu ekari tatu zinachukua wangapi?
— Umepima? Namba 1.

Mzee wa Kokoro: Sina muda wa kupima, nipe makadirio tu
— Basi na vifaranga usinunue.

Dada Mvuvi: Samahani kaka, nitajuaje ninaowavua ni wa kupandikiza au wamezaliwa humohumo?
— Swali zuri sana dada. Kabla ya kuwaachia, kata pezi moja la tumboni, wote upande uleule, karibu na shina maana ukikata ncha linaota tena. Ukija kuvua hesabu wenye alama. Wakiwa wachache mno kati ya rika lao, ama walikufa mapema ama ziwa linajizalisha lenyewe na hela yako imeenda bure. Wapime pia, wakiwa wamekonda kama wenzao tatizo ni msongamano.

Dada Mvuvi: Asante. Na kuwahesabu? Nahisi muuzaji ananipunja
— Chota kichujio kimoja, hesabu waliomo, kisha hesabu vichujio. Kichujio cha kwanza chota wewe, siyo yeye.