Jinsi ya kumwandaa mtoto mwenye usonji ratiba yake inapobadilika

Mwanangu ana miaka 9 na ana usonji, yaani autism. Asubuhi yake ni ileile: chai kwenye kikombe cha bluu, chapati vipande vinne, soksi ya kulia kwanza, kisha daladala, kiti cha dirishani. Ukikata chapati vipande vitatu, siku imeharibika. Ndugu waliniambia anadeka, nimchape atanyooka. Hadeki. Daktari Leo Kanner alipoandika habari za watoto 11 wa namna hii mwaka 1943, alilitaja hilihili la kutaka kila kitu kibaki kama kilivyo. Ratiba ndiyo ukuta anaoupapasa mwanangu gizani, na huwezi kumbomolea mtu ukuta ukategemea atembee.

Mwambie mapema, na mwambie kwa macho. Nilipiga picha kwa simu, nikazichapisha stationari: kikombe, sare, daladala, geti la shule. Nimezipanga kwenye kipande cha boksi ukutani. Jambo likiisha, anabandua picha yake na kuitia kwenye kopo. Kesho kukiwa na badiliko, nabadilisha picha jioni, naye akiwa anatazama. Asubuhi umeshachelewa.

Safari tunaihesabu kwa maharage. Kabla ya kwenda Tanga kwa bibi yake niliweka punje 7 kwenye kisosi, kila usiku anatoa moja. Kisosi kilipobaki kitupu alibeba begi mwenyewe. Kule kitanda kilikuwa kigeni na watu wageni, kwa hiyo kikombe cha bluu kilisafiri nasi. Nunua viwili vinavyofanana. Cha kwanza kilipopasuka sikuwa na cha pili, tukakesha.

Kuna mambo hayatoi taarifa. Siku moja daladala ilikatisha ruti, konda akatushusha wote. Mwanangu alijitupa chini pale kituoni, akawa anapiga kichwa kwenye lami. Hapo usimhubirie, hakusikii. Nilikaa chini, nikakunja khanga nikaiweka chini ya kichwa chake, nikanyamaza. Watu walisema waliyosema, sikuwajibu. Alipotulia nilimwambia maneno mawili tu: "Daladala. Nyumbani."

Tangu siku ile natembea na picha za akiba kwenye pochi: mvua, umeme umekatika, daladala nyingine, tunangoja. Hiyo ya "tunangoja" nimeshaichapisha mara tatu, inachakaa upesi kwa kushikwa.