SOMO: Kutambua utitiri wa Tetranychus hadi spishi (acheni kutuma picha za majani)

Picha ya jani la nyanya lenye utando haitoshi. Tetranychus, jenasi ya utitiri wanaofuma utando kwenye mimea, ina spishi zaidi ya 100 na majike wanafanana mno. Mwamuzi ni dume.

1. Pukusa majani kwenye karatasi nyeupe, okota kwa brashi namba 000.
2. Chagua madume: wadogo, nyuma wamechongoka. Kumi hivi, na majike watano.
3. Hifadhi kwenye spiriti ya asilimia 70. Lebo ya penseli, ndani ya chupa.
4. Loweka kwenye asidi ya laktiki hadi mwili uwe angavu.
5. Mlaze dume UBAVU. Hapa ndipo slaidi nyingi huharibika, zangu za kwanza zikiwemo. Kiungo chake cha uzazi husomeka kwa upande tu. Akilala kifudifudi, kifundo cha nchani hakionekani na utabuni jina. Dume mmoja, tone dogo la gundi ya Hoyer (ya kubandikia sampuli kwenye slaidi). Tone likizidi ataelea na kugeuka. Likipungua, hewa itaingia. Funika, kisha ukitazama kwenye hadubini sukuma kioo cha juu taratibu kwa sindano hadi abiringike sawasawa. Usisubiri gundi ishike. Usikandamize.
6. Oveni nyuzi 45, wiki moja. Ziba kingo kwa rangi ya kucha, maana Hoyer hunyonya unyevu.
7. Tazama kwa lenzi ya 100 yenye mafuta. T. urticae: kifundo kidogo, ncha ya mbele na ya nyuma karibu zinalingana.

Shamba_Letu: Wangu wekundu. Ni spishi ya T. evansi?
— Rangi si jibu. T. ludeni ni mwekundu, na urticae ana aina nyekundu iliyoitwa T. cinnabarinus. Rudi hatua ya 5.

Mche20: Nimepata majike tu, nifanyeje?
— Swali zuri. Jike asiyepandwa hutaga madume matupu. Mchukue kabla hajajivua mara ya mwisho, mtenge kwenye kipande cha jani juu ya pamba yenye maji. Kwenye nyuzi 25, wiki mbili hadi tatu una madume wa mama mmoja, hivyo hakuna kuchanganya spishi.

Kijanikibichi: Jina la nini? Si tunapuliza tu?
— Puliza. Ila ukinunua Phytoseiulus persimilis, utitiri mwindaji, akulie utitiri wako, kwa urticae anafaa. Kwa evansi hafui dafu. Anayemla evansi vizuri ni P. longipes wa Brazil.

Mche20: Hoyer inachanganywaje?
— Kwa mfuatano huu: maji yaliyokenekwa mililita 50, gamu arabiki gramu 30, klorali haidrati gramu 200, gliserini mililita 20. Klorali ni sumu, vaa glavu.

Kijanikibichi: Brashi 000 huku haipatikani.
— Gundisha ukope kwenye kijiti cha meno. Unashinda brashi.