Kuokoa kipande cha ndege ya zamani ya jeshi mbele kiende ku moto

Watu wanafikiriaka kama kupenda ndege za zamani za jeshi ni mpaka uwe na hanga na madola mingi, hapana, mi nilianza na kipande kimoja cha ubavu wa ndege, urefu kama mkono wangu, nilikikuta ku papa mmoja mwenye kuuza mitraye (vyuma vya zamani) hapa Lubumbashi kati ya jante za gari na sufuria zenye zilitoboka, na kesho yake kilikuwa kinaenda kuyeyushwa kifanywe sufuria ingine. Hiyo njo shida yetu, alimini ya ndege inapendwa na wafua sufuria, na hii Katanga ni udongo wenye uliona ndege za jeshi sana: ku beze (kituo cha jeshi) ya Kamina Wabeleji walifundishia marubani wao na Harvard, ndege za mafunzo za Amerika, miaka ya 1950, mu 1961 Katanga, yenye ilikuwa imejitenga na Kongo, ikapata ndege 3 za jeti za Fouga Magister zenye zilitengenezwa Ufaransa, mwaka ule ule ONU (Umoja wa Mataifa) ikaleta ndege za vita Saab J 29 za Sweden, kisha wakati wa Zaire kukakuja Aermacchi MB-326 na Mirage 5. Kila kipande chenye kinaingia ku moto, hakirudi.

Mbele ya yote, karatasi. Nunua ku mwenye kitu, aandike na asaini, na usiende kuchungulia ku kiwanja cha ndege ama ku kambi na simu mkononi, hapo utajitafutia matatizo bure. Na ukiona kitu kinafanana na risasi, bombe, roketi, ama kiti cha rubani cha kumrusha nje, usishike hata kidogo, kile kiti kiko na baruti ndani na miaka haiimalizake. Rudi nyuma, wapashe wenye kazi yao.

Sasa kipande kiko nyumbani, na mkono unawasha kutaka kukisafisha king'are. Ngoja. Piga foto pande zote, pima, andika mu kaye ulikipata wapi na siku gani, kisha tafuta namba. Namba zinapigwaka na muhuri ndani ya chuma ama zinaandikwa na wino chini ya rangi. Ukiona namba ya kipande inaanza na 88 halafu kistari, fikiria kwanza Harvard, juu North American, kampuni yenye ilitengeneza Harvard, walikuwa wanaanzisha namba za vipande na namba ya mupango wa ndege yenyewe. Ukiona ALCLAD 24S-T ku bati, hiyo ni alimini ya Amerika ya wakati ule. Boloni pia zinasema: zikikubali funguo za inchi ni ya Waamerika ama Waingereza, zikikubali za milimeta waza Fouga. Mi kipande changu cha kwanza nilikipigisha mashini ya disiki siku moja tu, kikang'ara kama kioo, na namba ikaisha yote, mpaka leo sijue kilitoka ku ndege gani, na inaniuma kila wakati naangalia.

Ile disiki iliharibu kitu kingine chenye sikujua. Bati ya Alclad ni alimini ngumu yenye shaba ndani yake, imefunikwa juu na chini na ngozi ya alimini safi, na ile ngozi njo inailinda. Mu bati ya milimeta 0.8 ngozi ya kila upande iko karibu milimeta 0.04 tu. Msasa dakika moja, imeisha, na ile ya ndani haivumilii maji. Kwa hiyo usitumie msasa, usitumie brosi ya waya (vipande vya chuma vinabakia mu alimini vinaanza kuikula), na mama zetu wanisamehe, usitumie jivu kama ku sufuria, jivu inakwaruza na pia inachoma alimini. Sabuni ya unga ya nguo pia apana. Chukua maji ya vuguvugu na sabuni laini ya vyombo, kitambaa, brosi ya nailoni, polepole.

Alimini ikioza haitoake kutu nyekundu, inatoa unga mweupe, sana sana kandokando ya riveti (misumari yenye inashikanisha bati) na mahali bati mbili zinakutana. Ule unga utoe na kijiti cha mwanzi kilichochongwa, kigumu kiasi lakini hakikwaruzi. Sugutua na maji safi ya kuongeza mu batri (maji, si asidi, angalia chupa vizuri juu ku soko zinakaa pamoja), kausha, pangusa na alkoli, kisha paka sire (nta) ya gari mara mbili. Ukikuta bati inafunguka kama kurasa za kitabu, hapo ugonjwa umeshaingia ndani, usilazimishe kuinyoosha, itavunjika.

Riveti ukitaka kutoa, toboa kichwa tu na meshi (ncha ya kutobolea) nyembamba kidogo kuliko riveti, kisha sukuma mwili na pini. Rudisha ya alimini, si ya chuma.

Rangi ya manjano-kijani yenye iko ndani ya ndege za zamani ni kromati, dawa ya kuzuia alimini isioze, inaletaka kansa, usiisugue kavu hata kidogo. Kama ni lazima, loweka, vaa maski na glavu, na watoto wakae mbali. Ikiwa bado imeshikilia vizuri, iache, ingali inafanya kazi yake.

Saa na mita za ndani ni mambo mengine kabisa. Mishale yenye ilikuwa inang'ara usiku, mingi ilipakwa radiumu, kitu chenye kutoa mionzi ya hatari, na hata kama leo haing'are tena, radiumu iko pale pale, nusu yake inaisha kisha miaka 1600. Usifungue kioo, usikwaruze, usiilaze mu chumba cha kulala. Mi hii inanigusa moyo, juu radiumu ya Wabeleji ilitoka hapa kwetu, ku mgodi wa Shinkolobwe, ikasafishwa Olen, Ubelgiji, tangu 1922, pengine mushale mumoja ulirudi nyumbani ndani ya ndege.

Kisha kulinda. Adui mukubwa wa alimini mu muji huu ni vumbi ya shaba. Ukiweka kipande mu parsele (kiwanja) yenye wanapakua magunia ya malakite (mawe ya shaba), vumbi inakaa juu, mvua inapiga, na kila punje inachimba kashimo. Pangusa kila juma, weka juu ya mbao, mbali na simenti. Usifunike na bashi ya plastiki, inafungia unyevu ndani, shuka ya pamba ni bora. Mwezi wa kumi, mbele mvua ianze, zibua vitundu vyote vya kutolea maji ku chini ya kipande, mavu wanapendaka kujenga mule, kisha rudisha sire.