Jinsi ya kuuzunguka uwanja wa vita wa Manassas kwa miguu, ukifuata saa za vita vyenyewe

Njia ninayoieleza hapa inaitwa First Manassas Trail. Ina urefu wa maili 5.4, karibu kilomita 8.7, na inaanzia na kuishia kwenye kituo cha wageni cha Henry Hill, katika hifadhi ya Manassas, jimbo la Virginia. Kutoka Washington ni kama maili 30 kuelekea magharibi. Kuingia ni bure.

Nimeshawapeleka pale jamaa wengi tunaoishi huku Virginia na Maryland. Swali la kwanza huwa lile lile: tutembee kwa muda wa saa nne kuangalia majani? Ndiyo, tutembee, kwa sababu vita vile viliamuliwa na miinuko na mabonde ambayo ukiwa ndani ya gari huyaoni. Siri ni kuizunguka njia kinyume cha mwendo wa saa, ili ufike kila mahali kwa mpangilio ule ule ambao mapigano yalifika. Safari moja tulizunguka upande mwingine. Tulifika darajani tumechoka, na hakuna aliyeelewa daraja lile lilihusiana vipi na kilima tulichotoka.

Habari kwa ufupi. Jumapili ya tarehe 21 Julai 1861, Jenerali Irvin McDowell alikuja na jeshi la Kaskazini la watu kama 35,000, akiitaka njia panda ya reli ya Manassas. Waliomzuia ni Jenerali Beauregard na Jenerali Johnston wa Kusini, na sehemu ya askari wa Johnston waliletwa kwa treni kutoka bonde la Shenandoah. Ndiyo yaliyokuwa mapambano makubwa ya kwanza ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Watu wa Kaskazini huyaita Bull Run, jina la kijito. Wa Kusini huyaita Manassas, jina la stesheni.

Hatua ya 1: Jiandae tangu usiku

Beba maji yasiyopungua lita mbili kwa kila mtu, maana njiani usitegemee kupata. Vaa viatu vinavyoshika, kwa kuwa ukingo wa kijito huwa tope siku kadhaa baada ya mvua. Kubwa kuliko yote ni kupe. Vaa suruali ndefu hata kama kuna joto, chomeka miguu ya suruali ndani ya soksi, na jipake dawa ya kufukuza wadudu. Kupe wa Virginia huambukiza ugonjwa wa Lyme, na huo si wa kuchezea. Waonyeshe watoto pia mmea wenye majani matatu matatu unaotambaa kwenye miti. Ukiugusa, ngozi hutoka malengelenge.

Na uwaambie mapema: ukiona risasi ya zamani au kipande cha chuma, kiache pale pale. Kuokota vitu hivyo ni kosa kwa sheria ya shirikisho.

Hatua ya 2: Pita mizinga bila kusimama

Utashawishika kuanza na mizinga na sanamu ya Jenerali Jackson wa Kusini juu ya farasi, kwa kuwa viko hapo hapo nje ya kituo. Usianze navyo, utavirudia mwisho. Fuata alama za buluu kuelekea mashariki hadi kwenye mawe ya msingi wa nyumba ya James Robinson.

Hapa pumzika kidogo. Robinson alikuwa mtu mweusi huru katika jimbo la utumwa, na eneo hili alilinunua mwaka 1840. Yeye alikuwa huru, lakini baadhi ya watoto wake walikuwa watumwa wa watu wengine. Jeshi la Kusini lilirudi nyuma likipita kwenye uwanja wa nyumba yake, na nyumba ikabaki imesimama. Ukoo wake uliishikilia ardhi hii hadi mwaka 1936. Nyumba iliyojengwa baadaye iliungua mwaka 1993, ndiyo maana unaona mawe tu. Wengi hupita hapa bila hata kugeuza shingo, na huniuma, kwa kuwa katika njia nzima sipaoni mahali panapoeleza vizuri zaidi watu walikuwa wakigombania nini.

Hatua ya 3: Daraja la Mawe, saa kumi na mbili asubuhi

Teremka hadi barabara ya 29 na uivuke kwa uangalifu mkubwa, magari huja kwa kasi. Mbele yako kuna Stone Bridge juu ya kijito cha Bull Run. Daraja la awali lililipuliwa na jeshi la Kusini mwaka 1862. Hili lilijengwa upya miaka ya 1880.

Simama katikati ya daraja. Alfajiri ile mizinga ya Kaskazini ilianza kupiga kutoka upande wa mashariki, lakini yalikuwa mashambulizi ya geresha. Kundi kubwa la McDowell lilikuwa likizunguka mbali kaskazini ili livuke kijito kwenye kivuko cha Sudley. Kanali Nathan Evans, aliyelinda daraja na watu kama 1,100, alianza kushuku. Kisha ukaja ujumbe wa bendera kutoka kwa ofisa Edward Porter Alexander, aliyekuwa kwenye mnara maili kadhaa kutoka hapo. Alikuwa ameona jua likimetameta kwenye mzinga wa shaba, akatambua kwamba adui anazunguka upande wa kushoto. Evans aliacha watu wachache darajani, akakimbia na kama 900 kwenda kuziba njia. Kuanzia hapa unafuata kijito huku ukikumbuka kwamba wewe na yeye mnaelekea kilima kile kile.

Hatua ya 4: Ukingo wa kijito na msitu

Sehemu hii ndiyo tulivu kuliko zote. Kuna ubao wa kupitia juu ya majimaji, halafu njia inabanana kati ya mteremko na kijito. Ukifika Farm Ford, tazama kina cha maji. Kanali William Sherman alikuwa ameona mpanda farasi wa Kusini akivuka kijito, akajua pahala pa kupitishia askari wake wa miguu.

Kutoka hapo njia inageuka magharibi na kupanda msituni hadi kwenye makaburi ya ukoo wa Carter. Soma jina hilo ulishike kichwani.

Hatua ya 5: Matthews Hill, saa nne asubuhi

Ukitoka msituni, nyasi zinafunguka ghafla. Simama kwenye mizinga, uangalie kusini. Hapa watu wachache wa Evans, pamoja na walioletwa kumsaidia, waliwazuia maelfu kwa zaidi ya saa moja na nusu, kisha wakavunjika kwenye saa tano na nusu na kukimbilia kilima cha pili unachokiona ng'ambo. McDowell alidhani ameshashinda. Badala ya kuwafukuza papo hapo, alitua.

Teremka hadi Stone House, nyumba ya mawe iliyokuwa hospitali ya majeruhi katika vita hivi na vile vya pili vilivyopiganwa hapa Agosti 1862. Vuka kwenye taa za barabarani. Subiri taa hata kama barabara inaonekana tupu.

Hatua ya 6: Henry Hill, saa nane mchana

Panda polepole, mwinuko huu askari wa Kaskazini waliupanda kwenye jua la Julai. Juu kuna nyumba iliyojengwa upya mwaka 1870, na kando yake kaburi la Judith Henry. Alikuwa mjane mwenye umri wa zaidi ya miaka 80, hawezi kutoka kitandani. Wanawe walijaribu kumhamisha, wakashindwa, wakamrudisha ndani. Mizinga ya Kapteni Ricketts iliilenga nyumba kwa kuamini kwamba wadunguaji wa Kusini wamejificha humo, na makombora yakamuua. Alizaliwa katika ukoo wa Carter, ule ule wa makaburi ya msituni.

Sasa fanya jaribio hili. Mwache mwenzako mmoja karibu na nyumba, wewe nenda hadi kwenye safu ya mizinga ya Kusini, kama meta 300. Halafu rudi nyuma hatua chache kuelekea miti, ukimtazama. Kilima kitaanza kumla kuanzia miguuni. Nyuma ya mgongo huo ndipo Jackson alipowalaza watu wake, wakiwa hawaonekani kirahisi na risasi zikipita juu. Jina la “Stonewall”, yaani ukuta wa mawe, alilipata mchana ule.

Kisha simama mizinga ya Kapteni Griffin wa Kaskazini ilipokuwa. Alikiona kikosi kikimjia na akataka kukipiga, lakini mkubwa wake alimzuia akidhani ni wa kwao, kwa kuwa kilivaa buluu. Kilikuwa cha Virginia, wakati ambapo sare za pande zote mbili bado zilikuwa mchanganyiko. Kilifyatua kwa karibu, na mizinga ikatekwa. Kufikia saa kumi jioni jeshi la Kaskazini lilikuwa linarudi Washington, na mbunge mmoja wa New York, Alfred Ely, aliyekuja kutazama, alikamatwa mateka.

Hatua ya 7: Kabla ya kuwasha gari

Vueni viatu kwenye maegesho, mkaguane nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani na kwenye mstari wa nywele. Kupe akiwa ameshika, mbane kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumzungusha. Andika tarehe. Ukitokewa na duara jekundu au homa wiki zinazofuata, nenda kwa daktari na umwambie ulitembea wapi.