Kukagua umeme wa mashine ya kushindilia kokoto za reli kabla ya zamu

Anza injini ikiwa imezimwa na breki ya maegesho imefungwa. Zima swichi kuu ya betri, itie kufuli, tundika lebo yenye jina lako, na ufunguo ukae mfukoni mwako. Aliye kwenye kabini hamwoni aliyeinama chini ya mashine.

Vua pete na saa ya chuma. Swichi kuu haizimi betri yenyewe: spana au pete ikiunganisha ncha chanya na hasi, chuma huiva papo hapo na kuunguza nyama. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, kwa hiyo fungua kifuniko cha sanduku la betri, acha hewa ipite, na sigara ikae mbali. Kagua kama klempu, yaani vibano vya nyaya kwenye ncha za betri, zimekaza. Ukilazimika kutoa betri, anza na waya wa hasi. Ukirudisha, hasi iwe ya mwisho.

Nyaya ndizo zinazotaka muda. Katika mashine nyingi vyuma vya kushindilia hutikisika kama mara 35 kwa sekunde, na mtikisiko huo husaga kila kinachogusana. Fuata waya kwa tochi na kwa vidole, hasa unapopita kwenye kona ya chuma au ulipofungwa pamoja na mpira wa haidroliki. Hapo ganda huchubuka upande wa nyuma, usioonekana. Waya uliochubuka ukipiga shoti karibu na mpira unaovuja mafuta, unapata moto. Badilisha kipande hicho na ukifunge mbali na mpira. Utepe peke yake hautadumu.

Fyuzi iliyoungua irudishiwe ya ampea zilezile. Ikiungua tena, tafuta shoti. Kuweka kubwa zaidi ni kuufanya waya uungue badala ya fyuzi.

Ondoa kufuli, washa swichi kuu, kisha pima betri kwa multimita, kipimo cha volti. Kwa mfumo wa volti 24 wenye betri za risasi na tindikali, zikiwa zimetulia na kujaa utaona kama volti 25.4, kwenye 24.4 zimebaki nusu. Injini ikiunguruma, tarajia 27 hadi 28.5. Ikibaki 25, angalia kwanza mkanda wa alteneta, jenereta inayochaji betri. Stata, mota inayowasha injini, ikizunguka kivivu na betri ni nzima, pima kati ya ncha hasi ya betri na bodi ya injini wakati wa kuwasha: zaidi ya nusu volti maana yake waya wa erthi, unaounganisha ncha hiyo na bodi, umelegea au una kutu.

Bonyeza kila kitufe cha dharura, kimoja kimoja. Kisipozima, mashine haitoki.

Chini ya nyaya za treni za volti 25,000, umeme huruka bila kuguswa. Usipande juu ya mashine kabla msimamizi hajathibitisha kwamba umeme umekatwa na erthi, nyaya za kuupeleka umeme ardhini, zimefungwa pande zote mbili za eneo la kazi. Waya ukiangukia mashine, baki ndani na uite umeme ukatwe. Moto ukikulazimisha kutoka, ruka miguu ikiwa pamoja, usiguse mashine na ardhi kwa wakati mmoja, kisha ondoka kwa hatua fupi za kuburuta nyayo.